Baada ya Sahihi: Chuo Kikuu Kilichohesabu Ahadi za Amani



Mji wa Arusha umeshuhudia mikataba ya amani ikitiwa sahihi zaidi ya mara moja. Tarehe 4 Agosti 1993, Serikali ya Rwanda na wapiganaji wa RPF walikubaliana huko kumaliza vita. Miezi minane tu baadaye, mwezi Aprili 1994, yakaanza mauaji ya kimbari. Tarehe 28 Agosti 2000, Warundi nao walitia sahihi mkataba wao katika mji huo huo, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya Mwalimu Julius Nyerere kufariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba huo wa pili, ingawa baadhi ya makundi yenye silaha yalibaki nje yake, uliifikisha Burundi kwenye uchaguzi wa mwaka 2005. Mwaka 2015 nchi ilipotikisika tena kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais, watu waliyarudia maneno ya Arusha na kubishana juu ya maana yake.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, wala sidai kuzimaliza katika ukurasa huu. Lakini historia ya mji huo mmoja inatuachia swali: baada ya wakubwa kutia sahihi, kupigiana makofi na kupanda ndege, ni nani anayebaki kuangalia kama yaliyoandikwa yanatendeka? Juma hili napenda tutafakari habari za chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki kilicholifanya swali hilo kuwa kazi yake.

Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, kilianzishwa na Shirika la Msalaba Mtakatifu. Shirika hilo si geni kwetu Afrika Mashariki, maana wamisionari wake walifika Uganda mwaka 1958. Kwa miaka 35, kuanzia 1952 hadi 1987, chuo hicho kiliongozwa na Padre Theodore Hesburgh. Miaka ya 1980 ilikuwa ya hofu kubwa: Marekani na Umoja wa Kisovyeti walikuwa na silaha za nyuklia za kutosha kuiangamiza dunia. Maaskofu Katoliki wa Marekani walitoa barua yao ya kichungaji juu ya vita na amani mwaka 1983, na Padre Hesburgh alizunguka akihutubia juu ya hatari hiyo. Katika mojawapo ya hotuba hizo, huko California, alikuwapo mama mmoja tajiri, Bi Joan Kroc, mjane wa mwenye hoteli za McDonald's. Maneno ya Padre yalimgusa, akatoa dola milioni 6, na mwaka 1986 ikazaliwa Taasisi ya Kroc ya masomo ya amani. Bi Kroc alipofariki mwaka 2003, aliiachia taasisi hiyo dola milioni 50 zaidi.

Vita baridi vilikwisha, lakini amani haikuja. Vilizuka vita vya ndani, ndugu kwa ndugu, na mikataba mingi ikaandikwa. Ndipo watafiti wa Notre Dame walipoanza kazi ambayo kwa macho ya haraka ni kavu na ya kuchosha. Walikusanya mikataba 34 mipana ya amani iliyofikiwa kati ya mwaka 1989 na 2012. Humo imo ile miwili ya Arusha, umo mkataba wa Msumbiji uliotiwa sahihi Roma mwaka 1992, umo na ule wa Sudan uliokamilishwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Waliigawa ahadi zilizomo katika aina 51: kuweka silaha chini, kurudisha wakimbizi, kurekebisha mahakama, jeshi, ardhi na kadhalika. Kisha kwa kila mkataba wakafuatilia mwaka hadi mwaka, kwa miaka kumi, wakiuliza: ahadi hii imetekelezwa kwa kiasi gani?

Kazi hiyo ya kuhesabu ilikuja kuombwa mahali ambapo watu walikuwa wanakufa. Nchini Kolombia, Serikali na waasi wa FARC walikuwa wakipigana tangu mwaka 1964. Baada ya mazungumzo ya miaka minne huko Havana, mkataba ulitiwa sahihi mwezi Septemba 2016, lakini tarehe 2 Oktoba wananchi waliukataa katika kura ya maoni kwa tofauti ya kura zisizofika elfu 54. Ulirekebishwa, ukatiwa sahihi upya tarehe 24 Novemba 2016, kisha Bunge likauidhinisha. Katika sura yake ya 6, pande zote mbili zilikabidhi kwa Taasisi ya Kroc jukumu la kusaidia kupima utekelezaji wake. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kituo cha utafiti cha chuo kikuu kupewa nafasi ya namna hiyo ndani ya mkataba wa amani.

Watafiti waliuchambua mkataba huo wenye kurasa zaidi ya 300, wakaona una ahadi 578 zinazoweza kupimwa moja moja. Waliajiri Wakolombia, wakawaweka Bogotá na mikoani, wakashirikiana na Caritas ya Kolombia, na kuanzia mwaka 2017 wakawa wanatoa taarifa kwa umma.

Taarifa hizo hazikumpendeza kila mtu, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Zilikiri mema: mwaka 2017 waasi walikabidhi silaha zao kwa Umoja wa Mataifa, na kundi lililopigana zaidi ya miaka 50 likageuka chama cha siasa. Zilionesha pia yaliyokwama. Miaka sita baada ya sahihi, takribani ahadi tatu katika kila kumi zilikuwa zimekamilika, karibu moja katika kila kumi ilikuwa haijaanza kabisa, na zilizobaki zilikuwa njiani, nyingi zikijikokota. Mageuzi ya ardhi vijijini, ambako ndiko vita vilikoanzia, yalikuwa miongoni mwa yaliyochelewa zaidi. Wakati huo huo damu iliendelea kumwagika: wapiganaji wa zamani zaidi ya 400, watu waliokwisha kuweka silaha chini kwa kuamini karatasi, wameuawa tangu mkataba utiwe sahihi.

Yawezekana mmoja wenu akauliza: je, kuhesabu kunamfufua aliyeuawa? La hasha. Lakini ahadi isiyohesabiwa husahaulika kimya kimya, na wa kwanza kuumia ni maskini, ambaye hana wa kumsemea mjini.

Tukumbuke watu wa Bojayá, kando ya mto Atrato. Tarehe 2 Mei 2002 walikuwa wamekimbilia kanisani, wakati FARC na wanamgambo wakipigana kuwazunguka. Bomu la FARC liliangukia paa la kanisa hilo na kuua makumi ya watu, wakiwemo watoto wengi. Sanamu ya Kristo Msulubiwa ilibaki kiwiliwili tu, bila mikono wala miguu. Mwezi Desemba 2015 viongozi wa FARC walikwenda huko kuomba msamaha. Na kura ya maoni ilipopigwa mwaka 2016, zaidi ya asilimia 95 ya wapiga kura wa Bojayá walisema ndiyo, huku nchi kwa ujumla ikisema hapana. Tarehe 8 Septemba 2017, Baba Mtakatifu Fransisko alisali huko Villavicencio mbele ya Kristo yule aliyevunjika, kuombea upatanisho wa taifa zima. Waliosamehe mengi kiasi hicho wana haki ya kuona kila ahadi ikifuatiliwa.

Wapendwa, mnakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya wana wawili walioagizwa na baba yao kwenda kufanya kazi shambani. Mmoja aliitika vizuri, asiende. Mikataba mingi ya dunia inafanana na mwana huyo. Na sisi je? Mara ngapi katika jumuiya zetu ndogo ndogo tumewapatanisha majirani waliogombania mpaka wa shamba, au ndugu waliogombania mirathi, tukasali, tukapeana mikono, tukala pamoja, na kila mmoja akaenda zake? Baada ya mwaka, jiwe la mpaka bado liko palepale lilipokuwa, na uhasama umerudi ukiwa mkali kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa umeongezewa uchungu wa kudanganywa mbele ya madhabahu.

Huenda hatuna watafiti, wala dola milioni 6. Tunalo daftari la jumuiya, naye katibu anajua kuandika. Basi siku ya upatanisho iandikwe ni nani ameahidi nini na mpaka lini. Na tarehe hiyo ikifika, wazee wawili waende wakaangalie. Wasiende kuhukumu, waende kukumbusha. Naomba kila jumuiya ianze na ugomvi mmoja tu uliosuluhishwa mwaka jana: nendeni mkaulize kama jiwe limehamishwa.

Mungu awabariki nyote.