Mke mvumilivu (fasihi)

Mke mvumilivu ni mhusika wa hadithi za Kiswahili anayepigwa na mumewe huku akilima, akilisha watoto na kusali. Mfano mashuhuri, ingawa ni wa riwaya, ni Regina wa Rosa Mistika (1971), kazi ya Euphrase Kezilahabi: mumewe, Zakaria, ni mlevi, na mzigo wa nyumba yao ya Ukerewe unamwelemea Regina.

Mwaka huohuo Sheria ya Ndoa ya Tanzania, kifungu cha 66, ilitamka kuwa mwanandoa hana haki ya kumchapa mwenzake.

Kwa hadithi ya mke mvumilivu inayowekwa katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mandhari ya kufaa ni Tunduma, mji wa biashara mpakani na Zambia. Udhaifu wa hadithi nyingi za aina hii ni kuusifu uvumilivu wa mke na kumwacha mume bila kuulizwa.