Chombo, Trekta na Mtu Mpya: Walenisi ya Katama Mkangi na Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Katika historia ya riwaya ya Kiswahili, Katama Mkangi hutajwa zaidi kuwa mwandishi wa tashtiti ya kisiasa kuliko mwandishi wa bunilizi za kisayansi. Hata hivyo, Walenisi (1995) ina viambajengo vya msingi vya utanzu huo: chombo cha angani, sayari ngeni na jamii inayoendeshwa kwa kanuni tofauti na zile anazozijua msomaji. Makala haya yanadai kwamba sayansi ya Mkangi haiulizi mashine itaweza kufanya nini, bali nani ameushika usukani wake na kwa ridhaa ya nani. Ili kuupima uzito wa swali hilo, riwaya inasomwa hapa sambamba na historia ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, eneo ambalo wakati wake ujao umewahi kupangwa na watu waliotoka mbali. Uhusiano unaodaiwa ni wa mawazo, si wa wasifu.

Mkangi alizaliwa mwaka 1944 huko Ribe, Kilifi, katika pwani ya Kenya. Alikuwa mwanasosholojia aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na kitabu chake cha kitaaluma cha mwaka 1983 kinachunguza gharama ya kijamii ya familia ndogo na mageuzi ya ardhi miongoni mwa Wataita. Kufikia wakati huo alikwisha kuchapisha riwaya ya Ukiwa (1975). Mafuta ikafuata mwaka 1984. Mwaka 1986, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa katika msako wa watu waliohusishwa na Mwakenya, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Walenisi ilitoka baada ya kizuizi hicho. Mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress, na mwaka 2004 akafariki katika ajali ya barabarani. Mtaalamu wa mipango ya jamii, mfungwa wa serikali na mgombea wa uongozi walikuwa mtu mmoja, na wote watatu wanasikika katika riwaya yake ya tatu.

Dzombo, mhusika mkuu wa Walenisi, anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo kinachokusudiwa kumwangamiza. Anafaulu kukitawala, na chombo hicho hicho kinamfikisha katika sayari ya Walenisi, ambako anapokewa na Mtu-Binadamu na kuelezwa misingi ya jamii ya usawa. Hivyo, katika riwaya hii teknolojia inaingia kwanza kama chombo cha adhabu. Inageuka kuwa chombo cha ukombozi pale tu aliyehukumiwa anapojifunza kukiendesha. Hapa Mkangi anaikaribia Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, ambamo pia nchi iliyo nje ya ardhi inahusishwa na kesi ya mtu anayeshtakiwa kwa sababu ya fikra zake. Tofauti ni kwamba Karama anajitetea kwa hoja mbele ya baraza la Kusadikika, ilhali Dzombo anaokoka kwa kukielewa chombo alichofungiwa.

Kimofolojia, jina la sayari limeundwa kwa kuunganisha kiashiria cha mbali wale, kishirikishi ni na kiwakilishi sisi kilichofupishwa. Kiashiria hicho kinawaweka walengwa mbali, na papo hapo kiwakilishi kinawarejesha karibu. Aidha, silabi ya mwisho iliyobaki inafanana kiumbo na kishirikishi kikanushi si. Kwa usomaji huu, jina lenyewe linabeba dai na shaka: wale ni sisi, au si sisi?

Shaka hiyo ina historia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kutekeleza mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Afrika Mashariki na ya Kati. Zaidi ya nusu ya eneo hilo ilipangwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, na Nachingwea ikawa makao ya shughuli hizo kusini. Mpango ulitegemea mashine nzito, yakiwemo matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mwaka 1949 reli ilifika Nachingwea kutoka upande wa Lindi. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Ulikuwa wakati ujao wenye trekta na usio na mwenyeji: mkulima wa kusini aliingizwa ndani yake kama kibarua, si kama mwenye kauli.

Wakati ujao wa pili uliandaliwa juu ya ardhi ile ile. Kuanzia mwaka 1965 FRELIMO ilikuwa na kituo chake kikuu cha mafunzo ya kisiasa na kijeshi huko Nachingwea, mahali panapojulikana kwa jina la Farm 17, ambalo ni masalia ya mashamba ya karanga. Chini ya Samora Machel, kituo hicho kilikusudiwa kumuunda mtu mpya, asiyefungwa na kabila wala tamaa, kwa njia ya silaha, elimu na kazi za mikono. Hata hivyo, mwaka 1975, Msumbiji ikikaribia uhuru, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, pamoja na wengine walioitwa wasaliti walisomeshwa maungamo yao hadharani Nachingwea. Baadaye waliuawa bila kuhukumiwa na mahakama.

Historia hizo mbili zinasaidia kuonesha nguvu na udhaifu wa Walenisi. Dhidi ya trekta la 1947, Mkangi anasisitiza kwamba chombo hakimkomboi mtu asiyeruhusiwa kukiendesha. Dhidi ya maungamo ya 1975, jibu lake si kamili. Mtu-Binadamu anafundisha zaidi kuliko anavyofundishwa, na mhakiki ana haki ya kuuliza Walenisi ingemfanya nini mwananchi wake anayepinga. Linaloinusuru riwaya ni kwamba inaitazama jamii hiyo kwa macho ya mtu aliyehukumiwa. Msomaji haingii Walenisi bila kukumbuka kwamba nchi nyingine, nayo ikijiona ina haki, ilimfungia Dzombo ndani ya chombo.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Katika Wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea, kumegunduliwa madini ya kinywe, ambayo hutumika kutengenezea betri za magari ya umeme. Kwa mara nyingine ardhi ya kusini inahusishwa na mashine za kesho za watu wa mbali. Uhakiki wa bunilizi za kisayansi za Kiswahili una wajibu wa kulisoma jina la sayari ya Mkangi kutoka mahali kama hapo: je, watakaoyaendesha magari hayo ni wale, au ni sisi pia?