Betri ya Motokaa na Redio Isafiriyo

 Fungueni madaftari yenu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la Peramiho ameuliza hivi: Je, mtu aweza kutumia redio ya kupeleka habari pamoja na kompyuta ndani ya motokaa, porini pasipo umeme? Aweza. Lakini jambo hili lina matata yake, na ili myaelewe yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Hapo zamani simu ya upepo haikusafiri kwa urahisi. Wajerumani walikuwa na mnara wa simu hiyo Dar es Salaam, na tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ikaja kuupiga mizinga. Mnara hauwezi kukimbia! Mtambo wa namna ile ulitaka umeme mwingi, wala haukuweza kuhamishwa upesi.

Kilichoifungua redio minyororo ni betri. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo ikiisha nguvu hujazwa tena. Ndiyo mama wa betri iliyomo ndani ya motokaa hata leo. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio zilikuwa za valvu, yaani vichupa vya kioo ambavyo sharti vipate moto kwanza, navyo vilikula umeme sana. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, haitaki moto huo. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 redio ndogo ziliweza kuimba kwa betri za tochi. Wenye viwanda vya motokaa nao waliacha betri za volti 6 na kushika za volti 12. Watengenezaji wa redio za motokaa wakawafuata. Kwa hiyo redio ya namna hii hupokea umeme wa betri moja kwa moja, bila mkalimani.

Wako watu wanaopeleka habari kwa redio kwa mapenzi yao tu, pasipo mshahara wala biashara. Kazi yao huitwa redio ya ridhaa. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na jina la kituo huanza na 5H. Wakati wa ukoloni lilianza na VQ3. Msidhani ni mchezo wa watoto. Mwezi wa Aprili 1994, Warwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, redio zilizofungwa katika magari ya mashirika ya misaada zilikuwa za kazi rasmi, si za ridhaa. Lakini betri ilikuwa ileile ya volti 12.

Sasa kompyuta mpakato imeingia garini. Mwaka 2017 Wamarekani wawili, Joe Taylor na Steve Franke, walitoa njia iitwayo FT8. Kompyuta hugeuza maneno machache kuwa milio, nayo husikika hata pale ambapo sikio la mtu halisikii kitu. Lakini kompyuta nyingi hutaka volti 19 au 20, nawe una 12. Wengi hununua inveta, ambayo hupandisha umeme hadi volti 230, kisha chaja ya kompyuta huushusha tena. Ni kama mtu wa Songea apande kilele cha Matogoro ili afike kwa jirani yake! Kila ngazi hupoteza umeme. Iliyo bora ni chaja ya gari inayotoka 12 kwenda 19 bila mzunguko, yenye fyuzi karibu na betri. Hata hiyo, ikiwa duni, hupiga kelele ndani ya redio, na sauti ya mbali ikafunikwa. Pete nyeusi ya feraiti ikizungushiwa waya husaidia.

Mimi mwenyewe nilijifunza hesabu ya betri kwa aibu. Nilisimama jioni katika barabara ya kwenda Mkenda, nikazima injini, nikaacha inveta na kompyuta vikifanya kazi hadi usiku wa manane. Asubuhi motokaa haikuwaka. Vijana waliokuwa wakienda shamba walinisukuma huku wakinicheka, na haki yao.

Hesabu ni hii. Kompyuta ya wati 60, ukigawanya kwa volti 12, hula ampea 5. Redio inaposikiliza tu hula kama ampea 1. Jumla 6. Betri ya ampea 60 kwa saa usiile kupita nusu, maana hiyo nusu nyingine ndiyo ya kuwasha injini. Basi 30 gawanya kwa 6, ni saa 5. Redio ya wati 100 ikisema hula kama ampea 20; sema kwa kifupi.

Kabla ya kipindi kijacho, kokotoeni: betri ya ampea 72 kwa saa itachukua kompyuta na redio hiyo, ikisikiliza tu, kwa saa ngapi?