Kilabu cha Pumwani na saa za Mututho

Mnywaji wa Nairobi ukimuuliza sheria ya Mututho ni ipi, atakutajia saa: baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku; wikendi na sikukuu milango hufunguliwa saa nane mchana. Sheria hiyo ya kudhibiti vileo ilianza kutumika Novemba 2010, na watu wakaipa jina la aliyeipeleka bungeni, John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo.

Hata hivyo, wakubwa kumpangia mtu pa kunywea ni jambo la zamani jijini, na chimbuko lake ni Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1908, koloni la Natal lilizipa halmashauri za miji haki ya kuwa muuzaji pekee wa pombe ya Waafrika. Mwaka uliofuata Durban ikafungua vilabu vyake. Wanawake waliokuwa wakipika pombe majumbani wakageuka wahalifu, na faida ikagharamia mabweni ya vibarua na ofisi zilizowatawala. Kwa maneno mengine, Mwafrika alijilipia utawala wake kwa kata. Watu waliuelewa mchezo huo: mwaka 1929 walisusia vilabu hivyo, na susio likaishia katika ghasia na vifo.

Nairobi iliiga mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika, ukapata kilabu cha halmashauri. Pombe kali za kizungu Mwafrika alikatazwa, na aliyepika yake chumbani alivamiwa na polisi. Wanawake wengi waliendelea kupika vilevile, kwa kuwa kodi ya nyumba haikungoja. Mwaka 1922, huko Ruaraka, kikaanzishwa kiwanda cha Kenya Breweries, na bia yake ikapelekwa katika hoteli ambazo mkazi wa Pumwani aliingia akiwa mhudumu tu.

Uhuru haukuiondoa tabia hiyo ya serikali. Mwaka 1980 chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku kabisa. Haikwisha, ilihamia vichochoroni, na mnywaji asijue kilichotiwa ndani. Methanoli imepofusha na kuua wengi tangu hapo.

Sheria ya 2010 iliifuta marufuku hiyo, lakini kwa masharti: leseni, na chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Mwenye kiwanda aliyaweza. Mama pima, anayeuza kwa glasi mlangoni pake, angeyaweza wapi? Anayekutwa amelewa na kufanya fujo barabarani anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500, au kufungwa hadi miezi mitatu. Mwenye pesa hulipa akaenda zake.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na ada yake ni pato la kaunti. Sioni kosa kuzuia baa jirani na shule. Hilo ni jema. Tatizo ni mlinzi kuwa na hisa katika mlango anaoulinda, kama ilivyokuwa Pumwani. Sheria inamruhusu mwananchi kupinga ombi la leseni kabla halijakubaliwa. Baa mpya ikiombewa leseni mtaani kwako, nenda ukapinge, na ukiwa huko uulize ada za mwaka jana zilitumika wapi.