Simu Ikizima, Nani Anaambiwa Kwanza?

Wasee, kila mtu Kaptembwo anajua kuflash. Hujaongea, hujatumia hata bob moja, lakini mwenye simu ameshajua: nitafute. Mitambo ya simu nayo inaishi hivyo hivyo. Seva inaflash watu wake siku nzima: laini fulani imekatika, diski imejaa, simu zinaingia nyingi kupita kiasi. Leo tupitie historia ya hizo flash, kwa sababu kuna kitu ndani yake kinatuhusu sisi wa mtaa.

Zamani mtambo haukuwa na haja ya kujieleza. Unazungusha mkono wa simu, kijifuniko kidogo kinaanguka kwenye ubao kule posta, opereta anakiona, anachomeka waya, anakuuliza unataka nani. Hapa Kenya, sehemu nyingi za mashambani zilikaa na opereta mpaka miaka ya 1990. Laini ikiwa mbovu, opereta aliisikia kwa masikio yake. Aliyepata habari ya ubovu na aliyekuambia wewe walikuwa mtu mmoja.

Mbali huko Marekani, opereta alikuwa ameanza kuondolewa mapema. Almon Strowger, mtu wa biashara ya mazishi kule Kansas City, alisajili mwaka wa 1891 mtambo unaounganisha simu bila opereta. Safi. Lakini kama hakuna mtu katikati, nani atajua fyuzi imeungua? Mitambo ya aina hiyo ikawekewa taa na kengele. Taa inawaka, fundi anakimbia. Hapo ndipo habari ilihama: ikaanza kumwendea fundi, sio mpigaji.

Mwaka wa 1965, kule Succasunna, New Jersey, ukafunguliwa mtambo wa simu unaoendeshwa na kompyuta. Huo haukungoja taa tu. Ulichapa hitilafu zake wenyewe kwenye karatasi, fundi akasoma.

Halafu ikaja tarehe 15 Januari 1990. Mtambo mmoja wa AT&T huko New York ulipata shida, ukajizima sekunde chache, ukajirekebisha, ukarudi kazini na kuwajulisha majirani. Kosa lilikuwa kwenye programu mpya iliyowekwa Desemba 1989: meseji ya pili ikimfikia jirani kabla hajamaliza kushughulikia ya kwanza, na yeye anajizima. Akirudi, anawajulisha majirani wake. Mitambo 114 ikaangushana hivyo kwa karibu masaa 9. Yaani habari ya "nimepona" ndiyo iliyokuwa inaangusha wengine. Kutuma habari pekee hakutoshi. Lazima anayeipokea aweze kuibeba.

Mambo hayo yalikuwa ya makampuni makubwa mpaka 1999, wakati Mark Spencer, kijana wa chuo kule Alabama, alihitaji mtambo wa simu wa kampuni yake ndogo na hakuwa na pesa za kununua. Akaandika wake, akauita Asterisk, akauachia dunia bure. Mimi niliacha chuo, na huo ndio nilijifunzia kwa laptopu kuukuu. Seva ya Asterisk iko na mlango namba 5038. Unganisha programu yako hapo na inaanza kukumwagia matukio: simu imeingia, simu imekatwa, simu ya ofisi haifikiki tena. Huhitaji kuiuliza kila dakika "uko sawa?" Inakuambia yenyewe.

Kuna mtego mmoja. Seva iliyokufa kabisa haiflash mtu. Stima ikipotea usiku, kimya kwenye skrini yako kinaweza kuwa amani ama msiba. Ndio maana wanaojua kazi huiagiza seva iseme "niko" kila baada ya muda mfupi. Ikinyamaza, kimya chenyewe ni habari.

Sasa turudi nyumbani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikaa Ujerumani. Zililetwa Kenya 2015. Fikiria umbali huo: mama mboga hapa steji anangoja meseji ya shilingi mia mbili, na mtambo wenye jibu uko bara lingine. Kutoka opereta wa posta mpaka hapo, anayesikia hitilafu amekuwa akienda mbali na mpigaji kila hatua.

Na hii si hadithi ya teknolojia tu. Huduma yoyote ya pesa ya simu ikisimama jioni, fundi ana skrini nyekundu mbele yake. Mteja ana kimya. Anatuma mara ya pili, anabishana na mwenye duka, boda anakataa kumshusha mpaka meseji iingie. Wote wawili wako sawa, hakuna aliyeambiwa kitu.

Msinidanganye eti ni ngumu. Tukio tayari limetumwa, na kampuni ya simu ndiyo yenye njia ya kufikia kila mfuko mjini. Inatosha meseji moja: "Huduma imesimama, usitume tena, tutakujulisha ikirudi." Opereta wa zamani alikuambia laini ni mbovu, jaribu baadaye. Mashine imempita kwa kasi, lakini adabu hiyo ilibaki njiani. Turudishiwe.