The Rain (tamthilia ya Denmark)

The Rain, yaani Mvua, ni tamthilia ya televisheni kutoka Denmark inayosimulia maisha ya vijana waliosalia baada ya maradhi kufyeka sehemu kubwa ya watu wa Skandinavia. Ilibuniwa na Jannik Tai Mosholt, Esben Toft Jacobsen na Christian Potalivo, na ikatengenezwa na kampuni ya Miso Film. Sehemu 8 za msimu wa kwanza zilitoka tarehe 4 Mei 2018; msimu wa pili ulifuata mwaka 2019 na wa tatu Agosti 2020, kila mmoja ukiwa na sehemu 6. Ndiyo tamthilia ya kwanza ya Denmark ambayo Netflix iliiagiza itengenezwe kwa ajili yake.

Kisa kinaanzia shuleni. Simone anachomolewa darasani na baba yake, mwanasayansi Frederik, ambaye anajua kuwa mvua inayokaribia imebeba virusi. Familia inakimbilia handaki lililojengwa chini ya ardhi msituni. Baba anaondoka kwa ahadi ya kurudi. Mama naye anauawa na mvua ileile, na watoto wanaona. Simone na mdogo wake Rasmus wanabaki humo miaka 6. Wanapotoka, wanaangukia mikononi mwa kundi la vijana wenye njaa linaloongozwa na Martin, aliyekuwa askari, na kinachowaokoa ni kwamba Simone anajua yalipo mahandaki mengine yenye akiba ya chakula. Safari inaanza, huku kampuni ya baba yao, Apollon, ikizidi kuonekana chanzo cha msiba.

Nguvu ya msimu wa kwanza imo katika uteuzi wa adui. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea kuita mvua rehema, na kuiombea dua inapochelewa, anahitaji muda kidogo kuingia katika hofu hii. Denmark mvua haiombewi. Ni jambo la kila siku, watu huvaa koti na kupanda baiskeli zao. Watunzi wamechukua kitu hicho kisichotazamwa mara mbili wakakitia sumu. Ghafla dimbwi njiani ni mtego, paa linalovuja ni hukumu ya kifo, na wingu jeusi linatosha kuwatimua watu mbio bila muziki wa kutisha. Kila mwanakundi anapewa nafasi ya kurudishwa nyuma hadi siku mvua ilipomkuta, na vipande hivyo ndivyo vinavyokaa moyoni kuliko mapigano.

Bahati mbaya watunzi wenyewe waliuacha utajiri huo. Kuanzia msimu wa pili mvua haiogopwi tena: hatari yote imehamia mwilini mwa Rasmus, ambaye virusi vinamgeuza silaha inayotembea. Hapo hadithi inafanana na nyingi nyingine za watu wenye nguvu za ajabu, na jina la tamthilia linabaki kama kibao cha duka lililohama. Uhusiano wa dada na mdogo wake, hata hivyo, haulegei. Simone amelelewa katika amri moja tu, amlinde Rasmus, na swali ni lini ulinzi huo unakuwa dhambi kwa wengine.

Simone anaigizwa na Alba August, binti wa mwongozaji Bille August na mwigizaji Pernilla August. Mwaka huohuo wa 2018 aliigiza pia kama mwandishi Astrid Lindgren ujanani. Rasmus ni Lucas Lynggaard Tønnesen. Martin ni Mikkel Boe Følsgaard, aliyeshinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2012.

Tamthilia imeigizwa kwa Kidenmark, na ipo pia yenye sauti za Kiingereza zilizobandikwa juu. Afadhali kusoma maandishi chini ya skrini na kuziacha sauti za asili: vijana hawa hunong'ona sana wakiwa wamejibanza kusikiliza matone juu ya bati, na minong'ono hiyo haibandikiki.