Maji Yasiyofaa Machoni

Jambo la kwanza nililofundishwa siku nilipovalishwa lenzi za machoni lilihusu mikono. Ilikuwa 2016, Kisumu, katika kliniki ya macho yenye sinki moja jeupe. Muuguzi alinisimamisha mbele ya sinki hilo akasema, "Mwalimu, osha kwa sabuni, suuza, kisha ukaushe kabisa. Hata tone la maji lisiguse lenzi." Nikamweleza kwamba kwangu Awendo bomba halijafika. Nakinga mvua kwenye tangi, na tangi likikauka nanunua mitungi kwa mwenye punda. Akanitazama kidogo. "Basi hayo hasa ndiyo uyaogope."

Maneno hayo nilisafiri nayo njia nzima. Matatu ilipita Ahero, ikapita Sondu, na tulipokaribia Oyugis nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nikiwa msichana: miti ya vilimani, mmoja mmoja, kila mmoja na matawi yake. Kwa miaka ishirini na zaidi vilima vile vilikuwa doa la kijani tu. Mimi ni mzaliwa wa Kasipul, upande wa msitu wa Kodera, na nilipokuwa nikiitazama ile miti huku macho yakinichonyota, nilikumbuka kwamba kijiji chetu kiliwahi kuogopa maji kwa ajili ya macho, zamani kabla yangu.

Dani, bibi yangu mzaa baba, alikuwa msichana wa miaka kumi hivi Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha. Katika kumbukumbu zake wamo watu wazima walioshikishwa ncha ya fimbo, mtoto akaishika ncha nyingine, akatangulia. Wamo pia watu waliojikuna mchana na usiku hadi ngozi ikawa ngumu na yenye mikunjo kama ya kenge. Wengi wao mashamba yao yalikuwa karibu na mto, kwenye udongo mzuri na kivuli.

Ugonjwa wenyewe ni usubi, na jina umelipata kwa mdudu anayeueneza, inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi. Usubi humuuma mtu na kumwachia minyoo. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi, na inaweza kuishi humo zaidi ya miaka kumi, ikizaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho ambavyo huzagaa mwilini. Vikifika jichoni na kufia humo, konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, huota makovu. Makovu yakiungana, kioo huwa cheupe, na mwanga haupiti tena.

Mwaka 1946 wataalamu P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walimwaga sumu ya DDT katika mito ya Kodera. Usubi wakatoweka na hawakurudi. Kila nikisoma habari hii nasimama mahali pamoja: wakati huo wataalamu hao hawakuwa wamejua viluwiluwi vya usubi wa Kodera vinakaa wapi. Aina nyingine za usubi hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, lakini huyu alikuwa haonekani huko. Sumu ilimfikia kabla ya macho ya watafiti. Ilipofika 1950 ndipo McMahon na mwenzake van Someren walipotangaza jibu: viluwiluwi vilikuwa vimejibandika juu ya kaa wa mtoni, vikitembezwa na kaa chini ya mawe. Sisi watoto wa Kasipul tuliwachokoa kaa kama hao kwa vijiti, tukacheka walipotubana vidole, na hakuna aliyetuambia kwamba kaa waliwahi kubeba giza la kijiji kizima.

Kazi iliyoanzia Kodera ilipelekwa kwenye mito mingine ya Nyanza, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 maambukizi ya usubi yalikuwa yamekatika Kenya. Waliokwisha kupofuka hawakurudishiwa kitu. Minyoo iliyokuwa tayari ndani ya watu iliishi umri wake, na kujikuna kukaendelea baada ya inzi kwisha. Mimi nafundisha sayansi, na najua leo ningepinga sumu ile kumwagwa kwenye mto unaonywewa na watu na ng'ombe. Najua pia kwamba nilizaliwa mahali ambapo mtoto angeweza kukua akiona kwa sababu ilimwagwa. Sijapata njia ya kuliacha hata moja kati ya hayo mawili.

Kabla ya lenzi nilikuwa mtu wa miwani, na miwani ilikuja kwetu kwa mlango mwingine, mlango wa maandishi. Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay wakaanzisha misheni ya Waadventista wa Sabato. Carscallen aliandika sarufi ya Kijaluo, akaleta na mashine ndogo ya kupiga chapa. Hospitali ya misheni ilifunguliwa Kendu mwaka 1925 chini ya Dakta Madgwick. Waliojiunga na mambo haya mapya waliitwa josomo, wasomaji, na jina hilo lina uzito wake. Kabla ya kitabu, mzee aliyefika miaka hamsini na macho yake ya karibu yakaanza kulegea hakupoteza heshima yoyote. Mjukuu alimtungia uzi kwenye sindano, yeye akaendelea kutambua ng'ombe wake walio ng'ambo ya bonde. Kitabu ndicho kilichoanza kumdai kitu ambacho jicho lake halikuwa nacho tena.

Katika kanisa la utoto wangu palikuwa na benchi la wazee na jozi moja ya miwani ya kusomea. Biblia nzima ya Kijaluo ilikuwa imetoka 1953, maandishi yake madogo, na wazee watatu walipokezana ile miwani Sabato nzima. Mmoja akimaliza mstari wake aliivua, akaifuta kwenye mkia wa shati, akampa jirani, naye akaivaa na kuanza pale mwenzake alipokomea. Kanisa lilingoja kimya. Nilidhani ndivyo Neno linavyosomwa kila mahali duniani.

Kwa hiyo nilipovishwa miwani nikiwa darasa la 7, nilipewa heshima ambayo sikuwa nimeifanyia kazi. Wenzangu waliniita Profesa. Nilikuwa mtoto wa kusugua macho. Yaliwasha kila mwaka kiangazi kilipoleta vumbi, na baadaye, tulipohamia Awendo kwa kazi ya baba, majivu ya miwa iliyochomwa yalianguka uani mithili ya manyoya meusi nami nikasugua zaidi. Kila baada ya mwaka miwani ilikuwa haitoshi. Duka moja la miwani lilinibadilishia vioo mara nne, kila mara vizito zaidi, bila mtu kuuliza kwa nini jicho la msichana linageuka haraka hivyo. Taa za usiku niliziona zina mikia. Nikiwa mwalimu tayari, nilikuwa nikisahihisha madaftari pua ikigusa karatasi, na ubaoni niliandika herufi kubwa kuliko walizohitaji wanafunzi, kwa sababu nilizihitaji mimi.

Kisumu ndiko nilikopata jina la tatizo: keratokonasi. Konea inayotakiwa kuwa mviringo laini hukonda katikati na kuchongoka mbele kama koni. Kusugua macho kwa miaka mingi ni moja ya mambo yanayohusishwa na ugonjwa huu. Miwani haiwezi kuunyoosha uso uliopinda namna hiyo. Lenzi ngumu inaweza, kwa njia ambayo bado naiona nzuri kupita kiasi: inakaa juu ya konea, na pengo lililo kati yake na ule mchongoko hujazwa na machozi. Uso mbovu unafunikwa na maji ya mwili wenyewe, mwanga unaingia kupitia uso mpya.

Na lenzi za machoni zilianza kutumika kwa watu wa aina yangu. Mwaka 1888 Adolf Fick, daktari Mjerumani aliyekuwa Zürich, alieleza lenzi za kioo alizojaribu kwanza kwa sungura, kisha kwenye macho yake, kisha kwa wagonjwa. Mwaka huohuo Eugène Kalt wa Paris alikuwa akitumia vioo vya namna hiyo kwa watu wenye keratokonasi. Vilikuwa vikubwa, vikifunika hata weupe wa jicho, na havikuvumilika kwa zaidi ya saa chache. Kevin Tuohy wa Marekani alikuja na lenzi ndogo ya plastiki inayokaa kwenye konea pekee, mwaka 1948. Zile laini ambazo vijana wa Nairobi huvaa leo zinatokana na Otto Wichterle wa Chekoslovakia. Krismasi ya 1961, jikoni kwake, alizisokota kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dinamo ya baiskeli. Huyo namheshimu kuliko wote. Wanafunzi wangu wanajua dinamo ya baiskeli ni kitu gani, nami huwasimulia habari zake kila mwaka.

Jozi yangu iligharimu shilingi 36,000. Chama chetu cha akina mama kilinikopesha, nikalipa kwa awamu tatu. Wiki ya kwanza nilivaa saa mbili kwa siku, nikilia machozi ubaoni, watoto wakinyamaza kwa adabu wakidhani nimefiwa. Punje moja ya vumbi ikiingia chini ya lenzi ngumu, unasimama hapohapo, hata kama uko juu ya bodaboda katikati ya barabara ya Migori. Ndiyo maana miwani haijaniondoka usoni. Navaa ya jua, pana, kwa ajili ya upepo.

Lililobaki ni maji. Nyuma ya nyumba nilitundika kibuyu chirizi kama vile tunavyovitundika shuleni tangu kipindupindu cha 2015 kilipotutesa Migori na Homa Bay: mtungi mdogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, sabuni iliyotobolewa na kuning'inizwa. Nanawa, napangusa kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine anayekigusa, na lenzi naisuuza kwa dawa yake ya chupa peke yake. Kuna amiba aishiye kwenye maji ya ziwa, ya kisima, hata ya bomba. Mdomoni aghalabu hana neno, lakini akinaswa kati ya lenzi na konea huitafuna konea yenyewe. Nilivunja sharti mara moja, dawa ilipokwisha mwezi wa Aprili, nikasuuza lenzi moja kwa maji ya tangi yaliyochemshwa na kupoa. Kesho yake jicho la kushoto lilikuwa jekundu, haliwezi kutazama mlango ulio wazi. Nilipanda gari la kwanza kwenda Kisumu. Nilitibiwa siku kumi na mbili na hapakuwa na kovu. Katika matatu ile, jicho likiwa limefunikwa, niliwaona kwa akili yangu wale watu wa fimbo wa Dani waziwazi kuliko nilivyowahi kuwaona.

Likizo ya Agosti nililala kwake Kasipul. Jioni nilitoa vifaa vyangu mezani, akavuta kigoda karibu na taa kutazama. Nilimwonyesha lenzi ikiwa kwenye ncha ya kidole.

"Iko wapi, nyathina?"

"Hii hapa, Dani."

Alisogeza kidole changu mbali, akakisogeza karibu, akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa hayawezi kuona kitu kidogo vile. Nikamweleza kwamba asubuhi nitairudisha jichoni nione kama watu wengine, na kwamba kabla ya hapo ni lazima ninawe.

Kulipokucha nilimkuta amenitangulia uani, mtungi umeinama mkononi mwake, kipande cha sabuni juu ya jiwe. Maji yale yalikuwa ya mtoni.

"Nikumwagie na usoni?"

"Mikononi tu, Dani," nikamwambia, nikaikinga mikono.

Alimwaga polepole, kidogokidogo, huku ameuelekeza mdomo wa mtungi mbali na uso wangu.